Je, Wajua? Barua za Mateka wa Vita

Je, wajua kwamba mateka wa vita halipii stempu? Jambo hilo liliandikwa katika Mkataba wa Hague mwaka 1899, likarudiwa mwaka 1907, kisha likapigwa muhuri upya Geneva tarehe 27 Julai 1929. Barua, fedha na vifurushi vya mateka havitozwi ada ya posta katika nchi inayomshikilia, wala katika nchi yake, wala katika nchi zinazopitiwa njiani. Ndiyo maana bahasha za makambini, ambazo wakusanyaji wa stempu huzitafuta sana leo, hazina stempu. Zina mihuri tu: wa kambi, wa mkaguzi wa upande wa adui, na mara nyingi wa mkaguzi wa upande wa nyumbani pia. Barua ya mapenzi ya ukurasa mmoja ilisomwa na watu wawili au watatu kabla ya kumfikia mke aliyeandikiwa.

Je, wajua kwamba mateka alianza na kadi, si barua? Mkataba wa 1929 uliagiza kwamba katika wiki ya kwanza ya kufika kambini kila mateka apewe nafasi ya kuijulisha familia yake kwa kadi kwamba amekamatwa, na hali yake ya afya. Katika Vita Kuu ya Pili kadi hizo zilikuja na maneno yaliyokwisha kuchapwa, na mwandishi akakata yasiyomhusu: mzima wa afya, au nimejeruhiwa kidogo. Sisi Waswahili tulikuwa na desturi yetu ya barua tangu zamani: baada ya salamu, mimi sijambo, hofu ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Kadi ya mateka ilibeba nusu ya kwanza tu ya desturi hiyo, na ilitosha. Mama aliyekuwa ameletewa telegramu ya jeshi inayosema mwanawe hajulikani alipo hakuhitaji habari nyingine yoyote. Alihitaji kuona mwandiko.

Kadi na majina ya mateka yalikusanywa Geneva, kazi iliyoanza katika vita vilivyotangulia. Agosti 1914, Vita Kuu ya Kwanza vikiwa na wiki chache tu, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua ofisi ya kufuatilia mateka wa vita, na muda mfupi baadaye ikapewa jumba la makumbusho la Rath kufanyia kazi. Wafanyakazi wake wengi walikuwa wa kujitolea: wanawake wa mjini, wanafunzi, walimu waliostaafu. Kila jina lililoletwa na nchi zinazopigana liliandikwa kwenye kadi, na kila barua ya mzazi anayeuliza ikawekewa kadi yake. Kadi mbili zikikutana kwenye sanduku moja, jibu lilikuwa limepatikana. Hadi vita vinakwisha kulikuwa na kadi milioni 7 hivi. Mwaka 1917 kamati ilitunukiwa Nobel ya Amani, ya pekee iliyotolewa katika miaka yote ya vita hivyo, na mwaka 2007 UNESCO iliziingiza kumbukumbu hizo katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.

Mmoja wa waliokaa kwenye meza hizo alikuwa mwandishi Mfaransa Romain Rolland. Alijitolea katika sehemu iliyoanzishwa na daktari Frédéric Ferrière kwa ajili ya raia waliozuiliwa, watu ambao hakuna mkataba uliokuwa umewataja. Aliposhinda Nobel ya Fasihi ya mwaka 1915 aligawa sehemu ya fedha zake kwa kazi hiyo. Nataka Rolland akumbukwe kwa meza ile sawasawa na kwa vitabu vyake.

Barua ngapi kwa mwezi? Katika makambi ya Ujerumani ya Vita Kuu ya Pili askari wa kawaida wa Uingereza aliruhusiwa barua 2 na kadi 4. Ofisa aliongezewa barua moja. Karatasi ilitolewa na kambi, ikiwa na mistari iliyohesabiwa na uso laini uliotengenezwa ili wino usioonekana ujifichue. Mstari ukiisha, maneno yameisha. Kwa hiyo mateka walijifunza kuandika kwa herufi ndogo mno, na wengi walipanga mwezi mzima nani apewe barua na nani avumilie kadi. Mwenye mama, mke na dada alikuwa na hesabu ngumu.

Aandike nini basi? Hakuruhusiwa kutaja mahali penyewe, idadi ya wenzake, walinzi, kazi anayofanyishwa, wala mabomu aliyoyasikia usiku. Njaa nayo hakutaka kuitaja, asije akawaliza wa nyumbani. Kikabaki kile ambacho mkaguzi hakukijali: hali ya hewa, jino linalouma, soksi, mtoto ameanza kusema maneno gani, ng'ombe yule amezaa au bado. Wanahistoria wa mapigano huzipita barua hizi haraka. Mimi naziona kuwa ndizo za kweli kuliko zote, kwa sababu zinaonyesha mtu alikuwa anaishi kwa kitu gani.

Lakini si kila soksi ilikuwa soksi. Je, wajua kwamba idara ya kijeshi ya Uingereza iliyoitwa MI9 iliwafundisha baadhi ya maofisa na marubani, kabla hawajaruka, namna ya kuficha ujumbe ndani ya barua ya kawaida kwa nyumbani? Mkaguzi wa Kijerumani alisoma habari za shangazi na bustani. London walisoma mahitaji ya kambi. Idara hiyohiyo ilichapisha ramani kwenye hariri, isiyolia inapokunjwa wala kuharibika inapolowa, ikazipenyeza makambini ndani ya michezo ya ubao. Vifurushi vya Msalaba Mwekundu havikuguswa kwa hila hiyo, maana vikishukiwa mara moja tu, wangekosa chakula maelfu.

Sasa tuje nyumbani Afrika Mashariki. Je, wajua kwamba katika miaka ya 1940 Kenya ilijaa mateka Waitalia? Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza, wakiwemo askari wetu wa King's African Rifles, yaliivunja himaya ya Mussolini ya Ethiopia, Eritrea na Somalia. Addis Ababa iliangukia mikononi mwao tarehe 6 Aprili, na ngome ya mwisho, Gondar, tarehe 27 Novemba. Makumi ya maelfu ya Waitalia waliletwa katika makambi ya Nanyuki, Gilgil, Naivasha, Londiani na Eldoret. Wakenya waliozoea kumwona Mzungu akiamrisha walimwona kwa mara ya kwanza Mzungu akihesabiwa asubuhi na jioni, akilindwa na askari Mwafrika mwenye bunduki, akichimba barabara. Sijui somo la siasa lililotolewa bure namna hiyo mahali pengine.

Msafiri wa Nairobi kwenda Naivasha anayeteremka ukingo wa Bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu anapita juu ya kazi ya mikono yao. Kando ya barabara, chini ya mteremko, kuna kanisa dogo la mawe ambalo mateka hao walilijenga mwaka 1942. Ni dogo kiasi kwamba watu kumi na wawili hivi wakiingia limejaa.

Mkuu wao alikuwa Amedeo, Mtawala wa Aosta, binamu wa mfalme wa Italia na gavana mkuu wa himaya ile ya Mussolini. Alijisalimisha Amba Alagi Mei 1941, akashikiliwa karibu na Nairobi. Tarehe 3 Machi 1942 alifariki kwa kifua kikuu na malaria. Alikuwa ameomba azikwe pamoja na askari wake, na kaburi lake liko Nyeri, katika kanisa la kumbukumbu la Waitalia, kati ya mifupa ya watu wa vyeo vyote. Familia yake ya kifalme haikumrudisha nyumbani.

Na Nanyuki, kambi namba 354, alikuwako Felice Benuzzi. Alizaliwa Vienna mwaka 1910, akakulia Trieste kwenye milima ya mawe, akawa mtumishi wa serikali huko Ethiopia. Adui wake mkubwa kambini hakuwa Mwingereza, alikuwa siku yenyewe: kuhesabiwa, kula, kukaa, kuhesabiwa, kulala. Mawingu ya mvua yalificha kila kitu kwa wiki nyingi, hadi asubuhi moja yalipofunguka na Mlima Kenya ukasimama mbele yake na barafu yake. Tangu hapo alikuwa na kazi ya kufanya.

Akatafuta wenzake wawili, daktari Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti. Kamba walizipata kwa kufumua katani ya vitanda. Nyundo ziligeuzwa mashoka ya barafu. Vyuma vya kukanyagia barafu vilichongwa kutoka kwenye madgadi ya gari lililotupwa jalalani na kutoka kwenye seng'enge ileile iliyowafunga. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na picha ya mlima iliyochapwa kwenye karatasi ya kopo la chakula. Ufunguo wa geti la bustani ya mboga waliuchonga baada ya kuugandamiza kwenye lami. Tarehe 24 Januari 1943 wakatoka, wakiwa wamemwachia mkuu wa kambi barua ya kumweleza kwamba wanakwenda kupanda mlima na watarudi.

Nikisoma habari hii, barua hiyo ndiyo inayonishika. Mtu anatoroka gerezani na anaaga. Walipita msitu wenye tembo na vifaru bila silaha ya maana, chakula kikapungua, Barsotti akaugua akabaki chini. Benuzzi na Balletto walijaribu kilele cha Batian, mita 5,199, kikawashinda. Tarehe 6 Februari walifika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya Italia. Siku ya kumi na nane walirejea Nanyuki, wakiwa hoi kwa njaa, wakajisalimisha. Adhabu ilikuwa siku 28 za kufungwa kila mmoja peke yake. Mkuu wa kambi, aliyependezwa na ujasiri wao, aliwatoa baada ya siku 7. Kitabu cha Benuzzi, Fuga sul Kenya, kilitoka mwaka 1947. Baada ya vita aliingia kazi ya ubalozi, akaifanya miaka mingi.

Siku 28 hazikuwa nambari ya kubahatisha. Mkataba wa 1929 ulisema kwamba mateka anayetoroka na kukamatwa aadhibiwe kinidhamu tu, na kifungo kisizidi siku 30. Kutoroka hakukuwa uhalifu. Ni jambo ambalo askari yeyote anatarajiwa kulijaribu. Ulinganishe basi na Stalag Luft III, kambi ya marubani iliyokuwa Sagan. Usiku wa tarehe 24 Machi 1944 watu 76 walitoka kwa handaki lililovutiwa hewa kwa bomba la makopo matupu ya maziwa ya unga. Walikamatwa 73. Kwa amri ya Hitler, 50 kati yao walipigwa risasi. Mkataba ni uleule na mwaka mmoja tu umepita, tofauti ni nani ameamua kuuheshimu.

Turudi kwa Waitalia. Je, wajua kwamba Redio Vatican ilikuwa ikisoma majina na salamu za mateka hewani, saa baada ya saa? Kati ya mwaka 1940 na 1946 ilitangaza salamu zaidi ya milioni moja. Familia zilikaa kando ya redio kusubiri jina moja. Halafu tarehe 8 Septemba 1943 Italia ilitangaza kusimamisha vita, Wajerumani wakaikalia kaskazini, na mateka aliyekuwa Eldoret au Gilgil mwenye wazazi Torino akajikuta nyumbani kwao ndiko kuliko upande wa adui mpya. Kambini ndugu waligawanyika kati ya waliokubali kushirikiana na Waingereza na waliokataa. Wengi wa makundi yote mawili walisubiri meli hadi 1946 na kuendelea.

Chakula. Kifurushi cha kawaida cha Msalaba Mwekundu kilikuwa na uzito wa kilo 5 hivi: maziwa ya unga, nyama ya kopo, siagi au majarini, jamu, chai au kahawa, chokoleti, biskuti, sabuni, na sigara zilizofuata kivyake. Hakuna kilichotupwa. Makopo yalikuwa vikombe, sufuria, majiko, taa, vinanda. Mkate wa kambi uligawanywa kwa wanaume watano, sita, saba, na katika mabweni mengi kanuni ilikuwa moja: aliyekata ndiye wa mwisho kuchagua kipande.

Na sigara ilikuwa fedha. Mchumi wa Kiingereza R. A. Radford, aliyekamatwa Libya mwaka 1942 na kufungwa Italia kisha Ujerumani, alichapisha mwaka 1945 makala kuhusu uchumi wa kambi ambayo wanafunzi wa uchumi bado wanaisoma. Anaeleza bei zilivyopanda shehena ya sigara ilipoingia, na zilivyoshuka watu walipozivuta usiku wa mabomu. Anamtaja mtu aliyejua Kiurdu akanunua nyama ya kopo kwa Masingasinga wasioila, akawapa siagi na jamu. Na anasimulia habari ya padri aliyezunguka kambi nzima akiwa na kopo la jibini na sigara tano, akabadilishana huku na kule, akarudi kitandani na kifurushi kamili juu ya mtaji wake.

Wasiokuwa na vifurushi walikula kwa kalamu. Katika gereza la Bilibid, Manila, mateka wa Kimarekani waliokonda hadi mifupa waliandika mapishi ya nyumbani kwao, kila mmoja na ya mama yake, mayai mangapi, siagi kiasi gani. Yalichapishwa kuwa kitabu mwaka 1946. Habari hiyo inanihuzunisha kuliko takwimu yoyote ya vifo.

Je, wajua kwamba Japani iliutia saini mkataba wa 1929 lakini haikuuidhinisha? Kwa mateka wa Mashariki ya Mbali maana yake ilionekana kwenye posta. Wengi walikaa zaidi ya mwaka bila barua hata moja, na walipopewa nafasi ya kuandika ilikuwa kadi ya maneno 25. Ronald Searle, mchoraji kijana wa Kiingereza aliyekamatwa Singapore Februari 1942, alichora wenzake kwenye reli ya Siam na Burma waliyolazimishwa kuijenga, akaficha michoro chini ya magodoro ya wagonjwa wa kipindupindu, mahali ambapo mlinzi hakuthubutu kutia mkono. Karibu 300 ilinusurika.

Huko Singapore pia, katika gereza la Changi, wanawake raia walitengwa na waume zao mwaka 1942 bila ruhusa ya kuandikiana. Wakabuni njia. Kila mwanamke alidarizi kipande cha kitambaa na jina lake na kitu cha kumtambulisha: ua, nyumba, sungura mwenye utepe wa rangi kwa mtoto mchanga. Vipande 66 vikashonwa kuwa mfarishi mmoja, wakaomba upelekwe kwa wagonjwa hospitalini. Wanaume waliposoma majina walijua nani yu hai. Mifarishi mitatu ya namna hiyo imehifadhiwa, miwili Australia na mmoja Uingereza.

Japani hiyohiyo, kizazi kimoja nyuma, ilikuwa mwenyeji wa namna nyingine. Katika kambi ya Bando, mateka wa Kijerumani waliochukuliwa Tsingtao mwaka 1914 walikuwa na gazeti lao, mikate yao na okestra yao. Tarehe 1 Juni 1918 waliipiga Simfonia ya Tisa ya Beethoven, mara ya kwanza kusikika nchini humo. Leo Wajapani huipiga kila mwisho wa mwaka.

Mikono isiyo na kazi ilitafuta kazi kila mahali. Mtunzi Mfaransa Olivier Messiaen, katika kambi ya Görlitz, alitunga kipande cha muziki kwa fidla, selo, klarineti na piano kwa sababu wapigaji waliokuwako walikuwa wa ala hizo. Kilipigwa mbele ya mateka tarehe 15 Januari 1941 katika baridi kali. Fernand Braudel, Mfaransa aliyekaa kifungoni Mainz na Lübeck miaka mitano, aliandika kitabu kikubwa cha historia ya Bahari ya Mediterania kwa kumbukumbu ya kichwa, akawa anatuma madaftari kwa mwalimu wake Lucien Febvre. Ni barua nene kuliko zote zilizowahi kutoka kambini. Alberto Burri, daktari wa jeshi la Italia aliyefungwa Hereford, Texas, alianza kupaka rangi juu ya magunia, akawa mmoja wa wachoraji wakubwa wa Italia na hakurudi tena kwenye udaktari. Na katika kisiwa cha Lamb Holm, Orkney, Uskochi, mateka Mwitalia Domenico Chiocchetti na wenzake waligeuza mabanda mawili ya mabati kuwa kanisa ambalo bado lina waumini. Wenzake waliporuhusiwa kuondoka mwaka 1944, alibaki nyuma amalize kazi.

Haya yote ni majina ya Wazungu, na si bure. Barua zao zilihifadhiwa, diari zao zikachapishwa. Mateka Waafrika walikuwa wengi, na ni hapa ambapo mtu anayeipenda historia yetu inambidi achimbe.

Ufaransa ilipoanguka Juni 1940, Wajerumani waliteka Wafaransa wapatao milioni 1.8, na kati ya waliowakamata walikuwamo askari wa makoloni karibu 100,000. Baadhi ya Waafrika hawakufika hata kambini: Chasselay, karibu na Lyon, makumi ya askari weusi waliokwisha kujisalimisha waliuawa, na makaburi yao yako hapo hadi leo. Waliobaki hawakupelekwa Ujerumani kama wenzao weupe. Wanazi hawakutaka watu weusi katika nchi yao, kwa hiyo waliwaweka katika makambi ndani ya Ufaransa. Wengi hawakujua kuandika, wakamtegemea mwenzao mwenye shule, na barua ya Senegal au Sudan ya Kifaransa ilichukua miezi, ikifika. Wanawake wa Kifaransa walijitolea kuwaandikia na kuwatumia vifurushi, wakawa walezi wa watu wasiowahi kuonana nao.

Mmoja wa mateka hao alikuwa mwalimu wa Kifaransa na Kigiriki aitwaye Léopold Sédar Senghor, aliyekamatwa La Charité-sur-Loire tarehe 20 Juni 1940. Kifungoni, Poitiers na kwingineko, alijifunza Kijerumani hadi akamsoma Goethe, na akaandika mashairi ambayo yalitoka kambini kwa mkono wa mlinzi wa Kijerumani aliyeyabeba hadi Paris, kwa Georges Pompidou, rafiki wa Senghor wa masomoni. Yaliingia katika diwani yake Hosties noires ya mwaka 1948. Aliachiwa mwaka 1942 kwa ugonjwa. Mwaka 1960 alikuwa rais wa kwanza wa Senegal, na Pompidou mwaka 1969 akawa rais wa Ufaransa.

Wenzake wa kawaida walilipwa tofauti. Novemba 1944 kundi la waliokuwa mateka lilirudishwa Senegal, kambi ya Thiaroye, likadai malimbikizo ya mishahara yake ya miaka ya kifungo. Alfajiri ya tarehe 1 Desemba jeshi la Ufaransa liliwafyatulia risasi. Serikali ilitaja vifo 35. Wanahistoria wengi wanasema ni zaidi. Mwaka 2024 ndipo rais wa Ufaransa alipokiri kwa maandishi kwamba yalikuwa mauaji ya halaiki. Walikuwa wamevumilia miaka minne mikononi mwa Hitler, wakauawa na waliowapigania. Hasira haipungui nikiliandika.

Tanganyika nayo ina yake. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliwafungia Tabora na kwingineko wamisionari wa Kiingereza na walimu Waafrika wa misheni waliowashuku kuwa wapelelezi. Kati ya waliofungwa alikuwa Martin Kayamba, Mbondei aliyesoma Kiungani, Zanzibar. Jeshi la Wabelgiji na askari wake wa Kongo liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916 na malango yakafunguliwa. Mwaka 1922 Kayamba alianzisha Tanga chama cha watumishi Waafrika wa serikali, mojawapo ya vyama vya kwanza vya aina hiyo nchini, na ameacha maisha yake kwa maandishi, ambalo ni bahati yetu.

Je, wajua kwamba kocha wa timu ya taifa ya Tanzania katika miaka ya 1970 aliwahi kuwa mateka? Bert Trautmann, askari wa miavuli wa Ujerumani, alikamatwa na Waingereza mwaka 1945, akafungwa Ashton-in-Makerfield na kuanza kudaka mpira huko. Alipoachiwa mwaka 1948 hakurudi kwao. Manchester City ilipomsajili mwaka uliofuata watu wapatao 20,000 waliandamana kumpinga. Mwaka 1956, katika fainali ya Kombe la FA, alimaliza mechi akiwa amevunjika shingo, na timu yake ikashinda 3 kwa 1.

Wa mwisho kurudi? Wajerumani waliokamatwa Stalingrad walikuwa 91,000 hivi; waliorejea walikuwa 6,000 hivi tu. Baada ya vita walioko Umoja wa Sovieti waliruhusiwa kadi fupi, na mateka wa mwisho, karibu 10,000, walirudi baada ya Kansela Adenauer wa Ujerumani Magharibi kwenda Moscow Septemba 1955. Miaka kumi ya kadi.

Mwaka 1949 mkataba uliandikwa upya. Kifungu cha 71 kinasema mateka apewe angalau barua 2 na kadi 4 kwa mwezi, hesabu ileile ya makambi ya zamani, na safari hii kama haki yake. Tanzania na Kenya zote zimeuridhia. Na njia ya Geneva haijafungwa: baada ya mwaka 1994, maelfu ya watu wa Rwanda, Burundi na Kongo waliopotezana walitafutana kwa fomu ya wazi ya Msalaba Mwekundu, habari za kifamilia tu, bila bahasha. Katika makambi ya wakimbizi kama Nyarugusu na Kakuma huduma ya kuunganisha jamaa inaendelea, siku hizi pamoja na simu.

Kama una babu au nyanya ambaye habari zake ziliishia vitani, kadi za mwaka 1914 hadi 1918 zimewekwa mtandaoni na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, bila malipo. Kwa Vita Kuu ya Pili unatuma maombi kwa ofisi ya kumbukumbu ya Geneva, ambayo huyapokea kwa vipindi na kwa idadi maalumu. Tayarisha jina kamili, mwaka wa kuzaliwa, kikosi, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Jaribu jina kwa tahajia tatu au nne, kwa kuwa makarani waliandika walivyosikia: Juma anaweza kuwa Djuma, na Mohamedi akawa Mahomed.